Mashine Iko Njiani

Mimi ndiye niliyemrekodi. Naanza na hilo nisije nikalificha katikati ya maneno, maana watu wakisimulia habari za Kasuku huanza na kipaji chake, kana kwamba kipaji kilijitembeza chenyewe mjini. Hakikujitembeza. Nilikitembeza mimi, kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, siku ya Jumanne, saa ya chai.

Tulikuwa wanawake saba katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Chumba chenyewe kiko nyuma kabisa, ukishapita jiko na kabla hujafika chumba cha maiti, ndiyo maana wageni hawakijui. Mashuka hutujia kwa vigari vya chuma, yamefungwa mafurushi. Kasuku alikuwa mpokeaji. Anafungua furushi, anatenga yenye damu na yasiyo na damu, anayapapasa kwa glavu nene asije akaacha sindano ndani, kisha anayatia mashineni. Mashine za kufulia zilikuwa tatu. Nzima ilikuwa moja. Mimi nilikuwa kwenye pasi kubwa, ile ambayo shuka huingia upande huu limekunjamana likatokea upande wa pili limenyooka. Ndiyo maana waliniita Pasi.

Yeye jina la Kasuku alilipata wiki yake ya kwanza. Alikuwa anaweza kumwiga mtu yeyote. Alimwiga msimamizi wetu anavyohesabu sabuni. Alimwiga daktari mkuu anavyokohoa mara mbili kabla ya kusema uongo. Aliliiga hata bomba letu la maji, lile linalokoroma dakika nzima halafu linatoa tone moja. Kazi ya kushika uchafu wa wagonjwa kutwa nzima haina burudani, na yeye ndiye aliyekuwa redio yetu.

Mwaka huo mashine mbili za kusafisha damu ya watu wenye ugonjwa wa figo ziliharibika pamoja. Waziri akaulizwa kwenye taarifa ya habari. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea salamu za rambirambi, akasema, "Ndugu zangu, mashine iko njiani." Baada ya mwezi akaulizwa tena. Mkono kifuani. "Ndugu zangu, mashine iko njiani." Mwezi wa tatu, hivyo hivyo.

Basi Jumanne hiyo Kasuku alijifunga shuka mabegani kama koti, akajitia mto tumboni, akapanda juu ya furushi. Akanyamaza kwanza. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa kwa Waziri mtupu.

"Ndugu zangu," akasema, mkono kifuani, "mashine iko njiani. Jana nimezungumza nayo kwa simu. Imenisalimia, na nyinyi inawasalimu. Imesema imefika kwenye mataa, yakawaka mekundu. Na mashine yetu inaheshimu sheria za barabarani, si kama nyinyi. Msiniulize inatoka wapi. Mgeni haulizwi anakotoka kabla hajaketi!"

Tulishika mbavu. Mwenzetu mmoja alitoka nje mbio akijizuia mkojo. Nami nilikuwa nimeshika simu. Nikamtumia dada yangu, basi, dada yangu tu. Jioni ile ile shemeji yangu aliye mji mwingine akanitumia video yangu mwenyewe, ameandika chini yake: "Umeiona hii?"

Haikuchukua mwezi, nchi nzima ilikuwa inasema "iko njiani". Ukimuuliza fundi cherehani nguo yako imefikia wapi, anaweka mkono kifuani. Mwalimu akidai daftari la mazoezi, darasa zima linaitikia. Wanaume walichelewa nyumbani wakajitetea hivyo hivyo, na wake zao wakacheka badala ya kununa. Kasuku akaongeza mengine kila Jumanne: mashine imepata pancha, mashine imepita kumsalimia mama mkwe, mashine imeomba ruhusa ya kuumwa. Mimi nilirekodi yote.

Wiki ya tano aliitwa ofisini. Sisi sita tulibaki tumesimama kama tunaosubiri maiti. Tulijua tumekwisha. Baada ya robo saa akarudi, uso umemkauka.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Waziri ameiona."

"Eeh?"

"Amecheka. Amepiga simu mwenyewe kwa daktari mkuu, amesema huyo mama ana kipaji, asisumbuliwe."

Tulipiga vigelegele. Leo nikikumbuka vigelegele vile naona haya.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa baba yake. Ni mzee wa kiasi cha miaka sabini na tano, mwalimu mstaafu, mtu wa shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Nilikuwa nyumbani kwao Kasuku alipomwonyesha video. Aliitazama mara nne. Kisha akatusimulia habari za mwalimu mwenzake wa zamani, ambaye siku moja, katika chumba cha walimu, alimtaja rais wa enzi hizo kwa jina la utani. Walikuja kumchukua akiwa darasani, chaki mkononi. Alirudi baada ya miaka sita, na tangu siku hiyo hakuwahi kusema mzaha wowote, hata kwa wajukuu.

"Wakati wetu," mzee akasema, "tuliogopa hata kucheka usingizini. Kiongozi anakalia woga wa watu, mwanangu. Ndicho kiti chake. Wewe umekivunja mguu mmoja. Kiongozi anayechekwa hawezi tena kumtisha mtu."

Kasuku alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alitazama chini tu, akawa anachezea ukingo wa kitambaa cha meza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza baba yake kumsifu tangu aache shule.

Sasa, Kasuku alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa pekee, aliyechangia naye titi. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake cha kioo kilikuwa kwenye kona ya posta, na mji mzima ulimjua kwa jina la Sekunde. Kutwa yuko pale ameinama, lenzi imebanwa jichoni, anaongea na saa za watu kama mganga anayeongea na watoto. "Wewe unachelewa kwa makusudi," anaiambia saa. Hakuwa ameoa. Alikuwa akisema anasubiri mwanamke anayefika kwa wakati.

Alianza na miguu. Viatu vikawa havimwingii. Akasema ni chumvi, akaacha chumvi. Kisha uso ukaanza kuvimba asubuhi, macho yakawa kama ya mtu aliyelia. Saa zikaanza kumshinda kwa sababu vidole vilikuwa vinene, havishiki tena skrubu ndogo. Kasuku akamburuta hospitalini. Daktari akaangalia majibu ya vipimo, akayaangalia tena, akavua miwani.

Figo zote mbili. Damu inahitaji kusafishwa mara tatu kwa wiki.

Kulikuwa na hospitali ya watu binafsi upande wa pili wa mji. Walimpeleka huko mara tano. Mara hizo tano zilikula kibanda, zikala lenzi, zikala vifaa vyake vyote na kabati la mzee. Baada ya hapo hawakuwa na kitu cha kuliwa.

Tukaenda, mimi na Kasuku, kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa wa figo pale pale hospitalini kwetu. Miaka mingi tumefua mashuka ya wodi ile bila kulijua dirisha lenyewe. Kulikuwa na benchi refu, na benchini watu wenye nyuso zilizovimba, kila mmoja ameshika bahasha yake. Muuguzi wa dirishani alikuwa dada mmoja mpole, macho yamechoka. Akafungua daftari. Majina mengi yalikuwa yamekatwa kwa mstari, na tukafarijika, tukidhani ni watu waliokwisha hudumiwa. Akamwandika Sekunde wa ishirini na nane.

"Orodha ndiyo hii," akasema. "Lakini mashine yenyewe, kama mnavyojua…" Na hapo, bila kufikiri, kama mtu anayepiga mwayo, akaweka mkono kifuani. "Iko njiani."

Nyuma yetu wakacheka. Nikageuka. Aliyecheka zaidi alikuwa mzee mmoja wa benchini, uso umemvimba mpaka jicho moja limefumba. Naye alikuwa ndani ya daftari lile. Alicheka akajishika ubavu kwa maumivu, akaendelea kucheka.

Kasuku hakutikisika. Kisha muuguzi akamtazama vizuri. "Wewe! Si ni wewe?" Akawaita wenzake walioko ndani. "Njooni, jamani, ni yeye mwenyewe! Dada, tufanyie kidogo. Kidogo tu. Huku kwetu hakuna cha kutuchekesha."

Nilidhani ataondoka. Nilishika mkono wake nimwondoe. Lakini alikuwa analitazama daftari, pale jina la mdogo wake lilipokuwa, chini kabisa, wino haujakauka. Nikaelewa anachofikiria: nikiwafurahisha, huenda wakalipandisha. Akavuta pumzi. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Ndugu zangu," akaanza.

Aliwafanyia yote, mataa, pancha na mama mkwe. Hakuwahi kuifanya vizuri kama siku ile. Benchi zima lilicheka. Muuguzi alifuta machozi, akamshukuru, akamshika mkono kupitia dirishani. Jina likabaki la ishirini na nane.

Tulipofika kwenye mafurushi yetu Kasuku akavaa glavu, akafungua furushi, akaanza kutenga. Jumanne iliyofuata wenzetu wakamtengea mto na shuka kama kawaida. Akautia mto mashineni, akaufua.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Waziri akaja hospitalini kufungua jengo. Jengo lenyewe, sitanii, lilikuwa ukumbi wa kusubiria: paa jipya, viti vya plastiki vya rangi ya machungwa, na feni nne. Wafanyakazi tulipangwa mstari tangu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzee alimwandikia binti yake sentensi tatu kwenye karatasi, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, naye akazikariri. Alikuwa ameamua: akipata nafasi, atamwambia Waziri uso kwa uso, kwa sauti yake mwenyewe. Sekunde alikuwa amekwisha lazwa, wodi namba nne, hatua mia mbili kutoka pale.

Waziri akapanda jukwaani. Hakuweka hata mkono kifuani.

"Najua mnasubiri niseme nini," akasema.

"Iko njianiii!" umati ukaitikia.

Alicheka mpaka akainama. Akasema, "Yuko wapi mwalimu wangu? Maana siku hizi yeye haniigi tena. Mimi ndiye ninayemwiga yeye!" Watu wakashangilia, wakamsukuma Kasuku mbele, mkono kwa mkono, mpaka akajikuta juu ya jukwaa na kipaza sauti mkononi. Kamera zote zikamgeukia.

Akasema sentensi zake tatu. Nazikumbuka kama jana. "Mheshimiwa, mdogo wangu amelazwa wodi namba nne. Ana miaka thelathini na tatu. Daktari amesema bila mashine hafiki mwisho wa mwezi."

Pakawa kimya, muda wa pumzi moja. Nikasema moyoni, wamesikia.

Kisha mtu huko nyuma akapaza sauti, "Imefika kwenye mataa!"

Uwanja ukalipuka. Watu wakarukaruka. Kasuku akainua mkono. "Sifanyi mzaha," akasema. Wakacheka zaidi, kwa sababu aliisema kwa uso mkavu, na uso mkavu ndio uliokuwa utamu wa mzaha wake. "Nasema kweli! Jamani, sifanyi mzaha!" Sauti ikampasuka. Wakapiga makofi. Jirani yangu, mpishi wa jikoni, mtu anayemjua Sekunde kwa jina, alikuwa anacheka huku akisema, "Huyu mama atatuua." Na mimi je? Midomo yangu ilikuwa imeanza kufunguka. Ninasema ukweli. Mwili umeshazoea, ukimwona pale juu, mbavu zinajiandaa zenyewe.

Waziri akafuta macho kwa leso, akamkumbatia mabegani ili wapigwe picha, akamwinamia sikioni akamwambia kitu. Kesho yake picha ilikuwa kila mahali: Waziri anayejua kucheka na wananchi.

Nilimuuliza Kasuku Waziri alimwambia nini. Alinijibu baada ya siku mbili, tukiwa tunakunja mashuka, yeye ncha hizi na mimi ncha zile.

"Alisema, 'Nimekusikia, mama. Pole sana. Lakini si unawaona? Wenyewe hawana haraka.'"

Wahenga walisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Lakini hawakutuambia nyani naye akianza kucheka na wewe, mkacheka pamoja, utavuna nini.

Jioni moja nilimkuta kwao anabishana na baba yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mzee alikuwa anajaribu kumtuliza. "Angalau hukumwogopa," alikuwa anasema. "Umesimama mbele yake. Sisi tusingethubutu."

"Ni kweli, baba. Hanitishi," Kasuku akajibu. "Lakini na mimi simtishi. Tumekuwa kama ndugu. Ndugu mmoja anatania, mwingine anacheka, na Sekunde anakufa."

Mzee akafungua kifungo cha juu cha shati lake, akakifunga tena.

Tulikuwa tunaenda wodini kila mchana, saa ya kuona wagonjwa. Sekunde alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Ngozi ilimwasha, alijikuna mpaka damu. Alikuwa na kiu, na maji alipimiwa kwa kikombe kidogo. Alhamisi moja alikuwa na nguvu kidogo, akamshika dada yake kiganja.

"Nifanyie Waziri."

"Siwezi, mdogo wangu."

"Dada, nina kiu, nawashwa, na huyu wa kitanda cha pili anakoroma kama bomba lenu la maji. Nifanyie."

"Nimesema siwezi."

"Basi nani atanifanyia?"

Kasuku akajikaza kisabuni. Akaifanya kwa sauti ya chini, amekaa pale pale kitandani, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshikwa na mdogo wake. Sekunde alicheka. Alicheka akakohoa, akacheka tena, na vitanda vya jirani vikacheka, hata yule mkoromaji akaamka akauliza kuna nini. Kisha wakatulia, na Sekunde akalaza kichwa.

"Unajua, dada, nilikuwa na hasira toka asubuhi," akasema. "Nilikuwa nimepanga mambo ya kumwambia daktari. Sasa hasira yote imetoka. Nimechoka vizuri. Nitalala." Akafumba macho. "Labda na wengine ndivyo wanavyofanya."

Alifariki Jumapili asubuhi, kabla ya chai ya wodi.

Jumatatu kigari cha wodi namba nne kilikuja kama kawaida. Furushi lile nililifungua mimi.

Kasuku alirudi kazini baada ya wiki moja. Hakulia mbele yetu. Siku ya kwanza, saa ya chai, alivua glavu akaenda kwenye lile dirisha, akamwomba muuguzi majina yaliyomo kwenye daftari. Muuguzi akakataa, akasema atafukuzwa. Kesho yake akaja mwenyewe chumba cha kufulia, mahali ambapo hakuna muuguzi anayekuja, akatoa karatasi mfukoni mwa sare, akaiweka juu ya pasi yangu iliyozimwa.

"Walioandikwa ni thelathini na mmoja," akasema. "Wale waliokatwa kwa mstari…" Walikuwa ishirini na wawili.

Tukajua mistari ile ilikuwa na maana gani.

Mzee aliiandika upya kwa mkono, nyuma ya kalenda kubwa ya ukutani, herufi zote zimesimama sawasawa kama wanafunzi wa gwaride. Hakuweka maoni yoyote, wala tusi, wala Waziri. Juu aliandika: WALIOISUBIRI MASHINE. Chini yake, mmoja mmoja: jina, kazi, umri, siku aliyoandikishwa, siku aliyokufa. Mshona viatu. Mwanafunzi wa chuo. Mama wa watoto wanne. Mlinzi. Mkunga. Fundi saa.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Kasuku akaibandika kwenye lango la hospitali, akasimama kando. Mimi nilisimama naye. Watu walipomwona walianza kutabasamu. Simu zikatoka mifukoni. "Leo ametuletea nini huyu?" wakaulizana, wakasogea. Mwanamume mmoja mwenye sauti nzito akaanza kusoma kwa mbwembwe, mkono kifuani, kwa lafudhi ya Waziri, na watu wakacheka. Akasoma jina la kwanza. Akasoma la pili. Kwenye la tatu mkono ukashuka. La nne alilisoma kwa sauti yake. La tano akalisoma pole pole, na la sita hakulisoma. Akavua kofia, akasimama tu. Nyuma yake mwanamke mmoja akasema, "Huyu namjua." Mwingine akasema, "Huyu alikuwa jirani yetu, tuliambiwa ni malaria." Watu walikuwa wamefika hamsini, na hakuna aliyecheka. Lango lile lina kelele tangu kuumbwa kwake. Asubuhi ile nilisikia feni za ukumbi wa kusubiria zikizunguka.

Walinzi waliichana kabla nusu saa haijapita. Saa sita mchana Kasuku alikuwa na barua: amevuruga amani ya hospitali, ameachishwa kazi tangu leo. Muuguzi alihamishiwa kituo cha mbali, siku mbili kwa basi. Mzaha ulidumu karibu miaka miwili bila hata barua ya onyo. Orodha haikupata hata nusu saa.

"Umeona sasa wanachokiogopa," mzee alimwambia. Lakini hakuisema kwa furaha. Akafikiri kidogo, na kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza: "Ila watu walisimama kwa sababu ni wewe. Walidhani watacheka. Ningeibandika mimi, wangepita."

"Basi niliwanasa kwa mtego, baba," Kasuku akasema. "Na mtego huo sina wa pili."

Alijaribu. Mzee akaandika nyingine, Kasuku akaibandika sokoni. Watu kumi wakasoma; wengine wakasema tumeshaiona. Wiki hiyo hiyo nikatumiwa video: kijana nisiyemjua amejifunga shuka, anasoma kwa sauti ya huzuni orodha ndefu ya "Waliousubiri Umeme". Friji ya bibi, iliandikishwa mwezi wa pili, ikafariki mwezi wa tatu. Pasi ya mjomba. Aliigiza vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Watu kwenye video wanaanguka kwa kicheko. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kama Kasuku ameiona. Alikuwa ameiona. Alitumiwa na watu kumi na mmoja, kila mmoja akidhani anamfurahisha.

Waziri alishinda uchaguzi, bado ni Waziri. Mashine haijaja. Kwenye redio juzi aliulizwa, akacheka kidogo tu, na mtangazaji akacheka, wakaingia habari za mpira.

Kasuku anafua nguo za watu nyumbani sasa. Jumapili iliyopita nilimkuta uani, mikono imechubuka kwa sabuni, mzee amekaa mlangoni na gazeti asilolisoma. Aliniambia kati ya wale tisa waliobaki wawili wamekufa. Alinitajia majina yao, kazi zao, umri wao. Aliyajua kwa kichwa. Yule mzee wa benchini, aliyekuwa na jicho moja lililofumba, ni mmoja wao.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

Aliinua blanketi zito kutoka kwenye beseni, maji yakimwagika miguuni pake.

"Sijui, Pasi," akasema. "Shika upande huo."

Nikaushika. Akazungusha kwake, nami nikazungusha kwangu, tukalikamua.